Ikifika kwa Ua, Inazima

Mwaka ule wa kura ya katiba, ya ndizi na machungwa, kijiwe chetu pale Noonkopir, Kitengela, kilikuwa benchi moja ya mbao za mabaki, mguu mmoja ukiwa jiwe, nje ya mlango wa duka la Nanjala la kupiga taipu. Mwisho wa benchi alikaa Wasike na jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Yeye tulimwita Katiba, kwa sababu alitembea na rasimu ya katiba mpya mfukoni na hakukubali hata habari ya mvua bila kutaja kifungu. Opiyo alikuwa fundi wa mabomba, lakini kwa vile aliwahi kufagia kiwanda kimoja miaka sita tulimwita Injinia, na aliitika bila haya. Gakuru muuza maji alikuwa Bahari. Mkokoteni wake ulisimama hapo kila asubuhi, punda wake Waziri akisinzia mbele na wiki hiyo kitu cha duara kikimetameta nyuma, ili malori ya barabara ya Namanga yamwone alfajiri. Mimi ni Munguti, fundi wa redio, na siku hizo nilikuwa nimeingilia kompyuta pia. Hakuna mtu alinifundisha. Nilifungua, nikapigwa na stima, nikajua. Wananiita Solda. Kuna wanaosema ni kwa sababu ya kazi, na kuna wanaosema ni kwa sababu napata moto haraka. Wa pili waje waniambie mbele ya uso wangu.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, sauti ya Nanjala ilitoka ndani kama ya mtu aliyeona nyoka.

— Imekufa tena!

— Imefia wapi? nikauliza.

— Pale pale! Inaandika kanisa, inaandika tarehe, inaandika majina ya maharusi. Ikifika kwa ua, inazima. Skrini yote bluu!

Alitoka na karatasi mkononi. Juu ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa kwamba Nyaguthii na Saitoti wataoana kesho Kimuka. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama uzi, mahali ambapo ua la waridi lilianza kuchorwa likakatika. Chini ya uzi, weupe mtupu. Na kwenye huo weupe ndiko yalikuwa yaandikwe majina ya wazee.

Bahari aliichukua ile karatasi akaitazama kama matokeo ya hospitali. Nyaguthii ni binti yake, wa pekee.

— Hii ni ya kumi na moja, alisema. Nanjala, tafadhali. Gari ya kanisa inakuja kuchukua programu saa tisa.

— Baba Nyaguthii, si mimi, ni mashine.

— Najua si wewe. Lakini mimi ndiye niliwapa neno.

Tulijua hilo neno. Siku ya kwanza ya familia mbili kujuana, upande wetu ulisoma majina ya wageni ukaruka mzee mmoja wa Oltepesi. Hakukasirika kwa kelele. Alinyamaza tu, na wenzake wakanyamaza naye, na chai ikapoa vikombeni saa nzima bila mtu kuigusa. Bahari alisimama mbele yao akaahidi: siku ya harusi kila mzee, wa huku na wa kule, ataliona jina lake limeandikwa, kwa Kimaa na kwa Kiswahili, na atakuwa na karatasi yake mkononi. Nakala mia mbili. Sasa zilikuwa kumi na moja, zote bila mzee hata mmoja.

— Peleka kwa flopi mahali pengine, Injinia alimwambia Nanjala.

— Mdomo wa flopi uliharibika Julai. Muulize Solda.

— Nimeagiza kingine, nikasema. Kikifika nitaweka. Nani mwingine ana swali?

Injinia alivuta kahawa kwa meno, akakohoa kidogo. Hicho ndicho kikohozi chake cha kuanza hotuba.

— Mimi nitawaambia shida. Ni vumbi. Upepo wa mwezi wa kumi unatoka upande wa machimbo, na hiyo si vumbi ya kawaida, hiyo ni simiti. Hiyo kompyuta iko na feni, sivyo? Feni inavuta. Nanjala anakunywa chai hapo, mvuke unaingia. Simiti na maji, mnajua inakuwa nini.

— Inakuwa zege, Katiba alisema.

— Ndani ya kompyuta!

— Injinia, nikamwambia, mimi nimeifungua hiyo kompyuta Jumanne. Hakuna zege.

— Jumanne ilikuwa bado haijashika. Zege inahitaji siku tatu.

Nilisikia masikio yakipata joto, lakini Bahari alikuwa ananiangalia, na mtu mwenye harusi humkatalii jaribio. Tuliifungua. Injinia alileta pampu ya baiskeli, tukapuliza. Alitoka buibui mmoja aliyeshangaa na kipande cha mandazi. Tukafunga, Nanjala akawasha, akatuma karatasi. Kanisa. Tarehe. Maharusi. Uzi mwekundu. Bluu.

— Kumi na mbili, Bahari akasema.

— Sasa ngojeni, Katiba alisema, akafuta mikono akatoa rasimu yake. Kuna kifungu hapa cha lugha. Hiyo programu iko na lugha ngapi?

— Tatu, Nanjala alijibu. Kiswahili, Kimaa, na nyimbo mbili za Kikikuyu.

— Hapo! Kompyuta imesoma Kizungu peke yake. Unaipatia Kiswahili, inavumilia. Inaona mbele kunakuja wazee wa Kimaa, majina marefu, inaogopa kuyasoma vibaya mbele ya watu. Afadhali izirai.

— Kompyuta haisomi, Katiba! nikasema. Inachapa tu!

— Solda, usipige kelele. Tujaribu. Nanjala, andika jina la mzee mrefu kuliko wote, peke yake kwa karatasi.

Nanjala aliandika. Nakwambia printa ile mpya ililia mara moja tu, karatasi ikatoka safi, jina la mzee kutoka pembe hadi pembe, hata nukta haikukosa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama na kufikiri. Sisi tulikuwa watu wanne wazima na birika moja, na hakuna aliyefikiri.

— Mnaona? Katiba alisema, bila aibu yoyote. Peke yake inakubali. Wakiwa kikundi inakataa. Ni mambo ya itifaki.

— Ama ni busta, Injinia alisema.

— Busta gani?

— Hiyo ya simu wamesimamisha nyuma ya soko. Tangu isimame, maziwa ya shemeji yangu yanaganda saa tano. Meseji zote za Kitengela zinapita hewani hapa, juu ya hii paa. Kila mtu anatuma meseji ya harusi kwa sababu ni mwezi wa harusi. Kompyuta inasikia harusi, harusi, harusi kutoka pande zote, haijui ichape ya nani.

— Na mbona imechapa jina la Nyaguthii na si la mwingine? Katiba akauliza.

— Harusi ya Nyaguthii iko karibu.

Hata Nanjala, aliyekuwa karibu kulia, alicheka akashika mlango. Mimi sikucheka. Niliwaambia wazi kwamba wanaongea takataka, na kwamba mtu akitaka kujua kompyuta aje aniulize mimi niliyeifunga kwa mikono yangu. Nakumbuka nilisema hivyo. Ningependa kusahau, lakini nakumbuka.

— Basi fundi, Bahari aliniuliza polepole, shida ni nini?

— Ni... ni mashine tu. Zinazeeka.

— Mimi niko na wazo.

Bahari huongea mara chache asubuhi, kwa hivyo tuliweka vikombe chini.

— Nanjala, hii kompyuta ulipata wapi?

— Nairobi. Ni mtumba wa ng'ambo.

— Ilikuwa ya nani huko?

— Ilikuwa na kibandiko cha ofisi ya mawakili. Niliking'oa.

— Mawakili wa nini?

— Sijui mimi!

— Mimi najua, Bahari alisema, na uso wake ulikuwa wa huzuni kweli. Hao walikuwa mawakili wa talaka. Miaka kumi hiyo kitu inaandika talaka tu. Asubuhi talaka, jioni talaka. Leo unaiwekea mbele harusi ya mtoto wangu, na ua juu yake. Itakubali aje?

Injinia alipiga goti lake.

— Ndio maana inaandika majina yao wawili! Inaandika bwana, inaandika bibi, halafu inangoja iambiwe nani amebaki na nyumba!

— Tuidanganye, Katiba alisema.

— Tuidanganye vipi?

— Nanjala aandike juu, Talaka ya Nyaguthii na Saitoti. Itachapa mpaka mwisho kwa furaha. Zikitoka mia mbili, tunakaa hapa na kalamu tunakata neno moja moja, tunaandika harusi.

Kilichonishangaza si kwamba Katiba alisema hivyo. Kilichonishangaza ni kwamba Bahari alifikiria. Alifikiria kwa muda wa kumeza kahawa mara mbili, midomo ikihesabu watu wa kushika kalamu. Halafu akaamka akapiga benchi, lile jiwe likateleza, tukainama sote upande mmoja.

— Jina la msichana wangu na neno talaka kwa karatasi moja? Kesho akiwa anavaa shela? Katiba, wewe ni mgonjwa!

Tukiwa bado tunarudisha jiwe chini ya mguu wa benchi, pikapu ya kanisa ikasimama. Ilikuwa saa sita na nusu. Akashuka mama mmoja mrefu, shuka jekundu juu ya gauni la ofisi, mkoba kwapani, funguo nyingi mkononi.

— Supa! akasema.

— Ipa! tukajibu, kila mtu kwa wakati wake.

— Mimi ni Nalotuesha, shangazi ya Saitoti. Baba Nyaguthii ni nani hapa?

Bahari alisimama akapangusa mikono kwa suruali, mara mbili.

— Ni mimi, mkwe. Karibu. Tulisema saa tisa.

— Nimekuja mapema, nafungua duka ya dawa ya mifugo huko Kimuka, nataka kurudi. Wazee wameanza kufika. Wameniambia nije na karatasi. Yule wa Oltepesi ameuliza mara mbili.

Bahari aliangalia mlango wa Nanjala. Waziri alipiga kwato.

— Karatasi ziko? Nalotuesha akauliza.

— Ziko... ziko kwa kompyuta, Bahari alisema. Zinakataa kutoka.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Simiti, lugha, busta, mawakili. Alisikiliza akiwa amesimama, akigeuza shingo kutoka mmoja hadi mwingine. Katiba alimpa kikombe, akakipokea bila kunywa. Walipomaliza aliuliza swali lake, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya chumvi.

— Ilianza lini?

— Nini?

— Huu ugonjwa. Mtu akija dukani aniambie ng'ombe yangu anaanguka, mimi simuulizi amerogwa na nani. Namuuliza ameanza kuanguka lini, na kabla ya hapo alipewa kitu gani kipya. Nyinyi mmenipa hadithi nne. Hakuna mtu ameniambia lini.

Injinia alimwangalia Katiba. Katiba alifungua rasimu, akaifunga. Bahari aliniangalia mimi.

Na mimi ndiye nilikuwa na jibu. Lilinishukia hapo hapo kama maji ya baridi kwenye mgongo. Kwa muda wa funda moja la kahawa nilitaka kulimeza pamoja nayo, nasema ukweli. Wangeendelea na mawakili wao, na hakuna ambaye angejua. Lakini mimi mtu akinidanganya humrudishia redio yake usoni, sasa nitamdanganyaje baba ya bibi harusi?

— Ilianza Jumanne, nikasema.

— Jumanne kulikuwa na nini? Nalotuesha akauliza.

— Nanjala alileta printa mpya. Ile ya kwanza ilikufa. Mimi ndiye niliifunga.

— Na ilifanya kazi! Nanjala alisema. Ilitoa barua ya chifu, safi!

— Barua, ndiyo. Barua ni maandishi tu. Sikilizeni, nikawaambia, na sikupiga kelele. Kompyuta haijui printa. Katikati yao kuna programu ndogo, inaitwa draiva. Hiyo ndiyo inaiambia kompyuta, printa hii inapokea maandishi hivi, inapokea picha hivi. Ndani ya kompyuta kulikuwa na draiva ya printa iliyokufa. Hii mpya ni ya kampuni ile ile. Nikasema hizi ni ndugu, itumie tu ile ya zamani. Kwa maandishi wameelewana. Kwa picha, ya zamani haijui hii mpya inataka nini. Inakwama, na ikikwama inaangusha kompyuta nzima. Si vumbi, si mawakili. Ni mimi. Nilifanya haraka.

Nilingoja wanicheke. Injinia alifungua mdomo, Bahari akainua mkono, na Injinia akaufunga mdomo tena.

— Fundi, Nalotuesha alisema, na draiva mpya inatoka wapi?

— Inakuja na printa yenyewe. Kwa boksi kulikuwa na waya, kitabu, na CD.

— CD iko wapi?

Niligeuka kwa Nanjala. Nanjala alikuwa ameshika mdomo.

— Wewe ulisema haina kazi, aliniambia kupitia vidole. Nikaiweka kwa takataka. Halafu Baba Nyaguthii akaniuliza, hiyo unatupa? Nikamwambia chukua.

Hapo Waziri, aliyekuwa amesumbuliwa na nzi, alijitikisa mzima kutoka masikio hadi mkia. Mkokoteni ukayumba, na duara kubwa la mwanga likapita juu ya ukuta wa Nanjala, juu ya uso wa Katiba, juu ya shuka la Nalotuesha, likasimama katikati ya kifua cha Bahari.

Bahari alienda nyuma ya mkokoteni, akafungua waya uliopita katikati ya ile CD, akarudi nayo mikononi kama anabeba sahani ya kanisa.

Ilikuwa na matope. Ilikuwa na mikwaruzo ya siku tatu za barabara ya mawe. Pembeni kulikuwa na alama ambayo sikutaka kujua ni ya nini, maana Waziri hulamba kila kitu. Niliosha kwa maji ya Bahari mwenyewe, kutoka mtungi wa kwanza. Nikaipangusa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Tukaiweka. Kompyuta ikaisoma, ikaisoma, ikafika robo tatu ikaanza kukwaruza kama kuku, ikaitema.

— Nanjala, niletee dawa ya meno.

— Sasa unataka kupiga mswaki?

— Lete!

Alileta. Nilipaka kidogo kwa kidole, nikasugua pole pole juu ya mikwaruzo, nikaosha tena, nikakausha kwa pindo la shati langu la ndani kwa sababu ndilo lililokuwa laini. Wote walikuwa wamejaa mlangoni, hata mama wa Kimuka na kikombe chake. Nilifuta kwanza ile draiva ya zamani. Halafu nikairudisha CD. Ikasoma. Nusu. Robo tatu. Ikakwaruza. Bahari alifumba macho. Ikakwaruza tena, ikanyamaza, na skrini ikaandika kwamba imemaliza, tuzime tuwashe.

Tukazima, tukawasha. Nanjala alituma karatasi moja.

Kanisa. Tarehe. Maharusi. Uzi mwekundu. Kisha uzi wa pili chini yake, na wa tatu, na ua likaanza kufunguka pole pole kutoka kwa mdomo wa printa, jekundu, na majani yake mawili ya kijani. Likaisha. Na chini yake, mmoja mmoja, wakashuka wazee.

Katiba alipiga kigelegele. Ndiyo, mwanaume mzima. Injinia alimkumbatia Waziri kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Bahari alikaa chini kwenye kizingiti akasema asante kwa Kikikuyu, halafu kwa Kiswahili, halafu akajaribu kwa Kimaa akakosea, na Nalotuesha akamsahihisha, akarudia mpaka akaweza.

Ilipofika saa tisa, nakala mia mbili zilikuwa kwa boksi la ile ile printa. Wakati zinachapwa nilikuwa nimeenda nyumbani nikang'oa rifleka, kile kiakisi mwanga cha nyuma ya baiskeli yangu, nikaifunga kwa mkokoteni wa Bahari kwa skurubu mbili. CD nikamrudishia Nanjala mkononi, nikamwambia mbele ya watu, hii usitupe hata mimi nikikuambia.

Nalotuesha alikuwa amekaa sasa, kwenye benchi, anasoma programu kwa sauti. Alisoma kila mzee, pole pole, kidole kikishuka. Alipofika kwa yule wa Oltepesi alisimama, akalisoma jina mara ya pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Hapa hakuna kosa, alisema. Mko na kazi nzuri.

Bahari alinyoosha mgongo mpaka nikaona amekuwa mrefu.

— Lakini nauliza kitu kimoja, Nalotuesha akasema. Hili ua ni la nani?

— La nani vipi? Nanjala akauliza.

— Nani aliliomba? Saitoti hajui mambo ya maua.

— Si Baba Nyaguthii?

— Mimi? Bahari akasema. Mimi niliomba wazee. Nilidhani ni nyinyi wa upande wa bwana.

— Sisi? Hapana.

— Na Nyaguthii je? nikauliza.

— Nyaguthii alisema apendavyo baba, Bahari akajibu.

Tulimgeukia Nanjala. Nanjala aliutazama mlango wake, kompyuta yake, kisha zile karatasi kumi na mbili zilizoharibika, kila moja na uzi wake mwekundu. Kama mtu mmoja angefuta tu lile ua saa nne asubuhi, wazee wangetoka wote kabla kahawa haijachemka. Niliona wazo hilo likipita kwenye benchi kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Katiba alichukua birika haraka, atumiminie sote, mtu yeyote, kikombe chochote. Aliinamisha. Akainamisha zaidi. Akalipindua kabisa, mdomo chini, akaligonga tako kwa rasimu.

Hata tone.